Sabuni ya Bibi na Samaki wa Saluni

Sponji ya filta ikitolewa kwenye tangi la samaki hunuka tope la mtoni baada ya mvua, na mimi, niwaambie ukweli, harufu hiyo naipenda. Hapa kwangu Mikumi huiminya kila mwezi, na kila nikiiminya akili hurudi Kilosa, mtaa wa Mabwerebwere, kwenye saluni ya mama.

Mama alikuwa msusi. Ili wateja wasichoke kukaa, aliweka tangi la samaki pembeni ya kioo, na wanawake wakawa wanasukwa huku macho yote yako kwa samaki. Mmoja alikuwa wangu, wa rangi ya chungwa, mwenye baka jeupe utosini. Nilimwita Kipara. Nikisogea kwenye kioo naye alisogea, nami niliamini kabisa kwamba ananifahamu.

Kisha Bibi, mama yake baba, akahamia kwetu kutoka Tindiga. Bibi alikuwa msafi wa kutisha. Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri alisugua na kuanika kila kitu kisichoweza kumkimbia. Ijumaa yake ya kwanza tu akaiona ile sponji, nyeusi, inateleza.

"Astaghafirullah! Samaki wa watu wanaishi na uchafu huu?"

Akaifikicha kwa sabuni ya mche mpaka ikatakata, akaisuuza isibaki hata povu, akaianika juani pamoja na vitambaa vya jikoni. Ikawa ndiyo kazi yake ya kila Ijumaa.

Maji yakageuka meupe kama yaliyooshewa mchele. Samaki wakaanza kufa, na kadiri Bibi alivyoona maji yanachafuka ndivyo alivyozidi kusugua. Kipara naye akawa anaelea juu, mdomo wazi, anatafuta pumzi. Nililia sana. Mama alijua tatizo, maana aliyemuuzia tangi alimweleza, lakini utamwambiaje mama mkwe kwamba usafi wake ndio unaoua? Nilipotaka kusema mimi, mama alinifinya paja mpaka maneno yakanipotea. Nikaamua moyoni kwamba mama yangu ni mwoga.

Ijumaa iliyofuata Bibi alikuwa ameshaishika sponji mama alipokuja kuketi naye mkekani.

"Mama, hebu nisaidie. Kibuyu cha maziwa unakioshaje? Yangu hayagandi vizuri."

Bibi akacheka. "Yatagandaje na masabuni yenu ya mjini? Kibuyu unakisuuza tu, mwanangu. Ukikisugua mpaka ndani kabisa, umeshaondoa kile kinachogandisha."

"Kumbe! Basi labda yule muuza samaki hakunidanganya. Aliniambia sponji nayo ina vijidudu vyake vinavyokula uchafu wa samaki. Eti iminywe tu kwenye maji yaleyale ya tangi, mara moja kwa mwezi, au maji yakianza kupita kwa shida. Wewe unaonaje, mama?"

Bibi aliitazama sponji, kisha akautazama mche wa sabuni.

"Hakukudanganya," akasema. "Nileteeni ndoo. Tekeni maji humohumo tangini."

Tangu hapo sponji ikawa mali ya Bibi. Aliyeikaribia na sabuni alifokewa, mimi nikiwa wa kwanza, na mteja aliyeuliza mbona haifuliwi alipewa somo refu kuliko nywele zake. Maji yakatulia taratibu. Kipara akapona na kunenepa. Mimi nilinuna kwa niaba ya mama, maana ujuzi ulikuwa wake na sifa zote zikaenda kwa Bibi, na mama mwenyewe alikuwa anaitikia tu, "Haya, mama."

Miaka ikapita. Nilipokaribia kuolewa Bibi aliniita chumbani kwake aniusie. Nikamtania kwamba siku ile ya sponji mama alimzunguka. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mjukuu wangu, maziwa ya mama yako hayajawahi kukataa kuganda. Nilikuwa nayanywa kila siku."

Nikajicheka, mimi niliyejiona mjanja kuliko wote wawili. Bibi alijua tangu swali la kwanza, na alilipokea kwa heshima ileile aliyoulizwa nayo.