Karate ya Kulala Chini

Antoinette alikuja kwangu baridi ya Dowa ikianza kuuma, akaniomba nimshonee mto mkubwa, mgumu, wa kuegemea ukutani. Nikamuuliza kama mumewe amekuwa chifu, siku hizi analala ameketi. Nilikuwa namchokoza tu. Akaitazama cherehani yangu, kisha akasema, "Njo vile, mama Kabibi. Eko analala amekaa."

Mumewe aliitwa Nduwayo, na kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka ilimjua. Siku ya mgao wa mahindi yeye ndiye aliyeshusha magunia kwenye lori, moja bega hili na moja bega lile, akitembea kama mtu aliyebeba kuku wawili. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, niliyeshona miaka mingi Buyenzi, kule Bujumbura, kabla ya kukimbia pamoja na Warundi, na vifua vya wanaume nimevipima mpaka nimechoka navyo. Kifua cha Nduwayo kilinimalizia utepe. Sasa mtu wa namna hiyo kulala ameketi kama mgonjwa wa pumu, nilikataa kuamini mpaka Antoinette alipokaa chini na kunieleza.

Vita vilipofika kilimani kwao, Burundi, mwaka wa tisini na tatu, shangazi yake Nduwayo alimficha ghalani. Alimlaza chali, akapanga magunia ya maharage juu yake. Waliokuwa wakimtafuta wakaingia, wakakagua, hawakumwona, na kwa kuwa walikuwa wamechoka wakakaa juu ya magunia yale yale. Walikula pale, wakapiga soga, wakacheka. Nduwayo alikuwa chini yao, mzigo kifuani, pumzi ikiingia kwa taabu, na angesogeza kidole angekufa. Walikaa mpaka jua likazama.

Tangu siku ile bega lake lilikubali kubeba chochote, lakini kifua chake hakikukubali hata blanketi. Walipofika Malawi akapata mtoto wa kike, Nella, na Nella alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Wiki ile, baba yake akiwa amepitiwa na usingizi mkekani, mtoto alimpanda kifuani. Nduwayo alimrusha kabla hajafumbua macho. Nella akaangukia mafiga, akapasuka juu ya jicho. Nduwayo alipoona damu alihamishia mkeka wake kwenye kibanda cha jikoni, akaapa kwamba hatamgusa mtoto tena.

"Anamuangalia tu kwa mbali," Antoinette akaniambia, "kama vile ni mutoto ya jirani. Na mutoto naye analia, anamutaka baba yake."

Nilimshonea mto, nikaujaza nyasi. Nilijua kabisa kwamba nashona upuuzi, lakini sikuwa na dawa nyingine.

Mtu aliyekuja kuwa mwalimu wetu alifika kwanza kutengeneza pampu ya maji. Alikuwa Mbrazili, jina lake Valdir, fundi wa misheni moja ya Lilongwe, mtu mfupi mwenye kipara. Kifaransa chake kilikuwa kibovu kuliko changu, na hilo si jambo dogo. Kiswahili chetu alikiokota kisimani, kwa wanawake. Lakini tulichokishangaa kwanza ni masikio yake, yaliyokunjamana kama maganda ya ndizi yaliyoachwa juani. Sylvain, kijana wa Fizi aliyeongoza kwaya ya kanisa letu na kujiona simba wa mieleka, akamuuliza ni ugonjwa gani huo. Valdir akasema ni mchezo wa kwao, jiujitsu, na masikio yamesagwa na vichwa vya marafiki. Sylvain akataka kuuona. Valdir akafuta mafuta mikononi, akamshika, na kabla hatujaelewa kilichotokea Sylvain alikuwa amelala chini kwa upole, kama mtoto aliyelazwa baada ya kushiba, na hawezi kunyanyuka.

Basi, kila Jumamosi Valdir akawa anakuja kufundisha. Watu waliuita karate ya kulala chini. Tulipewa chumba katika jumba la zamani la gereza, ambapo watu wa enzi ya Rais Kamuzu walifungwa, na wanaume wakatandika maganda ya mahindi na nyasi kavu, wakavuta juu yake turubai ya hema kuukuu mpaka ikakaza. Mimi nikapewa turubai iliyobaki nishone kimono, mavazi ya mchezo huo. Nilishona kimono za heshima, zenye vifungo na mfuko wa kalamu. Valdir alicheka mpaka akashika magoti, kisha akavikata vifungo kimoja kimoja, akanirudishia mkononi. "Hapa bantu banakamatana kola, mama," akasema. "Kifungo itatoa mutu jicho."

Jambo la kwanza alilofundisha halikuwa kukaba. Lilikuwa kupiga. Mwenzako akikuweza, akikubana mkono au shingo, wewe unapiga kwa kiganja, mwilini mwake au chini kwenye turubai, naye anakuachia papo hapo. Sheria hiyo ndiyo iliyotushinda. Mchana kutwa wanaume wetu walibanwa mpaka mishipa ikasimama, na hakuna aliyepiga. Warundi walinyamaza na kuvumilia. Sisi wa Kongo, ng'ambo ya ziwa, tulipiga kelele na kuvumilia. Sylvain alivumilia mpaka akazimia. Alipozinduka aliuliza ni nani aliyeimba sehemu yake, na sisi wanawake mlangoni tukacheka. Wanaume hawakucheka.

Valdir akamuuliza kwa nini hakupiga.

"Mi nilishindwaka kule kwetu," Sylvain akasema, akipapasa shingo. "Nikashindwa na njia, nikashindwa na njala. Sasa hapa tena nipige mukono juu ya kuonyesha nimeshindwa? Apana."

Ugonjwa ule ulikuwa wetu sote, hata sisi tuliokuwa tukicheka. Valdir alifikiri kidogo, akageuka akaniita. "Mama wa kimono, kuya." Nikavua viatu, nikaingia na kitenge changu. Alipiga magoti mbele yangu, akaingiza mikono yangu miwili ndani ya kola yake, umbo la msalaba, akasema nivute. Nikavuta. Yule mtu aliyemlaza Sylvain kama kitoto akawa mwekundu, akanigonga begani kwa kiganja, taratibu. Nikaachia. Akanishukuru. Kisha akamwita Antoinette naye amkabe, akapiga. Akamwita bikizee mmoja wa Kirundo aliyekuja kuomba maganda ya kuwashia moto, akampigia naye, na bikizee akajiangalia mikono kama amepewa mipya.

"Kupiga si kulia," Valdir akasema alipopata pumzi. "Ni kuongea. Unaongea, mwenzako anasikia. Kesho munacheza tena."

Nduwayo alikuwa amesimama karibu nasi. Alikuja kuleta maganda na akasahau kuondoka. Hakuwa anamtazama mwalimu. Alikuwa anautazama ule mkono unaopiga.

Jumamosi iliyofuata alivaa kimono, ile kubwa kuliko zote. Juu ya mtu alikuwa mlima, hakuna aliyemsogeza. Ndipo Valdir, kwa kuwa hakujua kitu, akamgeuza chali akakaa juu ya kifua chake. Sauti iliyomtoka Nduwayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Alimtupa mwalimu mpaka ukutani, akatoka mbio, akapotea kwenye mashamba ya watu.

Nilisema moyoni, imekwisha, na huyu mzungu hatarudi. Valdir akainuka ameshika mbavu. Hakukasirika. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza polepole, "Nani alimukalia?"

Hakuna aliyemwambia chochote. Kifua cha Nduwayo kilikuwa kimemwambia. Antoinette akamweleza mbele yetu, magunia, waliokula juu yake, na kovu la Nella. Valdir alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema misheni inahitaji mtu wa kubeba mabomba, na Nduwayo akirudi aambiwe aje Lilongwe.

Alikwenda. Ikapita miezi, kipupwe kikaisha, joto likaingia. Siku moja uzi uliniishia, nikapanda nyuma ya pikapu iliyotoka Madisi na magunia ya njugu, nikashuka mjini Lilongwe, nikanunua uzi wangu. Lakini kusema kweli uzi ulikuwa kisingizio. Nilitembea mpaka misheni, upande wa City Centre, nikawakuta gereji. Walikuwa wametandika magodoro ya kweli kati ya pampu mbovu, na Nduwayo amelala chali.

Valdir alikuwa amemwekea kiganja kifuani. Kiganja tu, mkono mmoja. Nduwayo akapiga, kiganja kikaondoka. Kikarudi, akapiga, kikaondoka. Halafu mkono hadi kiwiko. Halafu kichwa chenye kipara, kimelala kifuani kama kinasikiliza moyo. Nduwayo alikuwa anatiririka jasho, macho yamemtoka, na kila alipogusa, hata alipogusa kwa ncha ya kidole, Valdir aliondoka. Mwishowe akalala juu yake mwili mzima, kifua kwa kifua. Wakati huo huo padri akamwita kutoka uani, kwa sauti, jambo la gari. Valdir akageuza uso kumjibu, neno likiwa mdomoni. Nduwayo akagusa. Neno liliachwa pale pale, mwalimu akawa ameshaondoka.

Nililia, na sioni aibu kusema. Nimeona watu wengi wenye nguvu katika maisha yangu, na wengi wao nimewakimbia. Mwenye nguvu anayeondoka akiguswa kwa kidole sikuwahi kumwona. Nilisimama pale na uzi wangu mkononi kama mtu aliyeingia kanisani kwa bahati mbaya.

Tulipokula nsima, ule ugali wa huku, Nduwayo, ambaye kwa kawaida maneno humtoka kwa kuhesabu, alizungumza mwenyewe. "Mama Kabibi, chini ya ile magunia mi niliomba na roho yote. Hakuna mutu alisikia. Huyu muzee nagusa tu na kidole, anasikia."

Nikamwambia basi arudi nyumbani, mtoto anamngoja. Akaacha tonge mkononi. "Nella ni mutoto," akasema. "Nella hajue ile sheria. Nikipiga, hataondoka."

Nilirudi Dzaleka nikimwaza njia nzima.

Alirudi Jumamosi moja kabla ya mvua, pamoja na Valdir, ndani ya gari la pampu. Chumba kilijaa. Alilala chali mbele ya watu wote, akamwita Sylvain amkalie kifuani. Sylvain akakaa, na Nduwayo, bila kifua chake kukakamaa, akaingiza mguu, akasogeza nyonga, akamgeuza kiongozi wa kwaya mzima mzima akawa chini. Mimi nilidhani mtu aliye chini amekwisha kazi. Kumbe chini nako kuna kazi, na fundi wake huyu hapa. Wakashangilia, na baada ya hapo wakapumzika, kila mtu amejitupa pale alipo. Nduwayo alibaki chali, anahema.

Nella alimponyoka mama yake mlangoni. Kovu lake juu ya jicho lilikuwa limeshakuwa mstari mweupe. Alikatiza turubai kwa miguu yake ile isiyojua haraka, akafika kwa baba yake, akamshika kimono, akaanza kupanda.

Antoinette akaruka. Valdir akamzuia kwa mkono, akajiburuta kwa magoti mpaka ubavuni mwa Nduwayo. "Mi niko hapa," akamwambia. "Piga chini, namutoa. Mara moja."

Mtoto akajilaza kifuani, uso chini ya kidevu cha baba. Nduwayo akakauka. Nikaona kiganja chake kinanyanyuka juu ya turubai, vidole vimefunguka. Chumba kizima kilikitazama kiganja kile. Shingo yake ilitoa mishipa, jasho likamtoka upya. Mimi nilikuwa nasali kwa Kiswahili, Antoinette kwa Kirundi, sijui Sylvain alisali kwa lugha gani. Kiganja kikabaki hewani, hakishuki.

"Nimutoe?" Valdir akanong'ona.

Nduwayo akavuta pumzi. Mtoto akapanda juu nayo, akashuka nayo.

"Bado," akasema.

Kiganja kikashuka. Hakikushukia turubai, kilishukia mgongo wa Nella, kikaufunika wote, maana mgongo ulikuwa mdogo na kiganja kikubwa. Nella akachezea kola niliyoishona, akaiweka mdomoni, akasinzia.

Hakuna mafunzo yaliyoendelea siku ile. Watu walitoka mmoja mmoja, viatu mkononi, kama tunavyotoka kwenye nyumba ya mama aliyetoka kujifungua. Antoinette alikimbia nyumbani akaja na ule mto wangu, akaupenyeza chini ya kichwa cha mumewe. Ulikuwa mgumu mno kwa kulalia, nikaona aibu, nikamnong'oneza Nduwayo kwamba anipe niupunguze nyasi, na Valdir akauliza tena kama amchukue mtoto.

"Bado," Nduwayo akatujibu sote wawili, macho juu, machozi yakimwingia masikioni. "Bado kwanza."