Kitambaa Tulichokificha Ndani ya Mshono

Kule Kasongo nilishona miaka minne kwa patroni mmoja, mwenye duka la ushonaji, ambaye haulizwi swali. Yeye ndiye aliyepima wateja, yeye ndiye aliyeandika vipimo. Sisi mafundi watatu kazi yetu ilikuwa kukata na kufyata mkia. Ukiuliza, anachukua wembe na kufumua kazi yako ya asubuhi nzima pale barazani, mbele ya wateja, huku akicheka. "Mutu anauliza ni mutu hajue kazi." Nilimchukia, nasema kweli, na bado kila asubuhi nilimwamkia kama mkwe.

Siku moja alitukabidhi kitambaa cha bibi arusi wa Kabambare. Dada yule alikuwa amekuja kupimwa, na kwa jinsi njia ilivyo mbaya, angerudi tu siku moja kabla ya arusi. Tulimwona kwa macho yetu: mwanamke wa kushiba, Mungu alimjalia. Lakini kiuno kilichoandikwa daftarini kilikuwa cha binti wa shule. Tukatazamana. Nani amfunge paka kengele? Tukakata pana, kisha ziada yote tukaikunja ndani ya mishono, na nguo ikatoka vile vile alivyotaka patroni.

Bibi arusi akarudi na vumbi la pikipiki, yeye na shangazi yake. Akavaa nyuma ya pazia. Nguo ikagoma kufunga mgongoni. Nilipomsikia anaanza kulia, niliona aibu mpaka nikashindwa kuinua uso.

"Nani alikata hii nguo?" patroni akafoka. "Wajinga nyinyi!"

Sijui ulimi niliutoa wapi. Nilimwambia shangazi, si yeye: "Mama, kitambaa iko. Tuliacha ndani. Mutupatie saa moja."

Tukafumua, tukashona, tukapiga pasi. Dada akatoka amevaa, akageuka huku na huku, na shangazi akapiga vigelegele mpaka muuza sabuni wa jirani akachungulia. Jamani, nilipumua!

Patroni alishika ukingo wa ile nguo, akautazama.

"Mulijua tangu mwanzo. Kwa nini hamukuniambia?"

"Tulikuogopa, patroni."

Nilidhani atatukana. Akauachia ule ukingo, maana bibi arusi alikuwa bado amesimama pale, anacheka. Nikachukua mkasi wangu, nikaaga. Kabla sijafika sokoni, wenzangu wawili walikuwa wamenifuata, nao na mikasi yao.