Mulinee Niliyoinunua kwa Macho

Mtu akisema mbele yangu kwamba zamani za Wabelgiji mji huu ulikuwa na heshima, damu inanichemka. Heshima gani? Mimi nilinunua mulinee bila kuigusa!

Mulinee ni kile kigurudumu kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, chenye mkono wa kuzungusha ili kukunja kamba. Unarusha kijiko cha bati chenye ndoano mbali majini, unakivuta kikimetameta, na samaki mwenye meno anadhani ni kisamaki kinakimbia. Samaki huyo nilimtaka kuliko kitu chochote.

Sababu ilikuwa binti wa mfanyakazi mmoja wa reli. Baba yake, mtu wa kaskazini, alikuwa amenikubali nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa desturi ya nyumba yao: mkwe hawekewi siku ya ndoa mpaka alete kitoweo alichokipata kwa mikono yake mwenyewe, na baba mkwe ashuhudie. Wengine walikwenda kuwinda. Mimi fundi cherehani wa mtaa wa Katuba, niwinde nini, vifungo?

Duka lenyewe lilikuwa mjini. Bazungu waliingia kwa mlango wa mbele. Sisi tulikuwa na kidirisha cha ubavuni, mkono mmoja unapita, basi. Nyuma ya kioo cha mbele zilipangwa mulinee za namna mbili. Ya kwanza, gurudumu lake linazunguka lenyewe kamba inapotoka. Ya pili, gurudumu limesimama tuli, kamba inachomoka kwa mbele. Nikatazama nikiwa nje. Ndani, muzungu mmoja alizungusha hii, akazungusha ile, akazitegea sikio, halafu akaziacha zote mbili akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Nikaenda kidirishani.

"Bwana, naomba nishike zote mbili kidogo."

"Hapana kugusa," muuzaji akasema. "Sema unataka gani."

Gani! Nikabaki na akili yangu ya cherehani. Kwenye cherehani, bobini ya uzi ikikwama, uzi unakatika. Ikizunguka vizuri, mshono unakwenda. Basi nikaomba ile inayozunguka. Fundi yeyote wa mtaani kwetu angechagua vilevile.

Tukapanda gari-moshi, mimi na baba mkwe, mpaka mto Lufira. Akakaa juu ya jiwe kushuhudia. Nikarusha. Kijiko kikatua majini, lakini gurudumu halikuwa na habari; likaendelea kuzunguka, likamwaga kamba, kamba ikasimama kama nywele za mtoto asiyechanwa. Nikiwa bado nahangaika kuifungua, samaki akadaka.

"Aye! Zungusha!" baba mkwe akapiga kelele. "Zungusha, weye!"

Nizungushe nini? Mkono wa mulinee ulikuwa umekwama kabisa. Niliona binti wa watu ananiponyoka palepale. Nikaitupa fimbo, nikaikamata ile kamba ya nailoni kwa mikono mitupu, nikavuta. Ilikata nyama. Nikavuta tu, huku natukana lile duka na kidirisha chake, mpaka samaki akalala kwenye majani.

Baba mkwe hakumtazama samaki. Aliiokota mulinee, akajaribu kuizungusha, akakunja uso.

"Hukuijaribu mbele ya kununua?"

"Baba, hawatuachi tuguse."

"Mutoto yangu mwanamuke ulimuona, ukaongea naye. Hii ulinunua na macho tu? Mambo gani hii!"

Akacheka sana. Kisha akaona viganja vyangu, na kicheko kikamwisha. Akatoa leso mfukoni, akaichana vipande viwili, akanifunga mwenyewe.

"Kwa mikono yako njo umemuleta," akasema. "Nimeona."

Siku ya ndoa ikapangwa. Ila nguo ya arusi nilikuwa nimeshaikata, kitambaa cheupe, nimekusudia kuishona mwenyewe mshono kwa mshono, na sasa vidole havikunjiki. Ikabidi nimpe fundi mwingine, mtu wa haraka haraka.

Kabla ya arusi nikarudi kidirishani na ile mulinee. Nilikuwa nimeisafisha, nimefungua kamba yote, imekuwa kama mpya. Nikaomba wanibadilishie, wanipe ile nyingine. Muuzaji akatazama vitambaa mikononi mwangu, akatazama mulinee, akaisukuma nje kwa kidole kimoja.

"Hatubadilishi. Umeshaigusa."

Umeshaigusa! Nikaichukua mulinee yangu, na nyuma yangu watu wanasubiri zamu yao ya kuambiwa hapana.

Mke wangu ananiambia niache, ni mambo ya zamani. Yeye ndiye aliyevaa ile nguo. Kwenye picha yetu ya arusi bega la kushoto limekwenda upande, kila mgeni analiona, na kila mgeni ananiuliza mimi, kwani si mimi fundi? Mimi siachi.