Tawi la Chini la Msonobari

Tik. Kimya. Kisha tik tena.

Nilikuwa bado ndani ya chandarua, nimelalia ubavu wa kushoto kama nilivyoagizwa kliniki, na alfajiri ilikuwa haijapata rangi. Nikadhani ni mjusi kwenye makuti ya banda la uani, maana mijusi wa Kibiti hugonga ulimi hivyo hivyo wakiona nondo. Lakini mjusi hafuatiwi na mlio wa kitu chepesi kinachodondoka juu ya ubao. Tik, kisha kile kitu kikadondoka. Baadaye nikasikia kandambili zikiburuzwa mchangani, mlango wa nyuma ukasukumwa, na haukurudishiwa.

Kulipopambazuka nikatoka. Juu ya meza ya uani, chini ya msonobari wangu mdogo wa kwenye chombo, palikuwa na vipande vya waya wa shaba vilivyojikunja kama vikuku vya mtoto vilivyokatwa. Tawi moja la juu lilikuwa uchi. Upande wa pili wa ua mama mkwe wangu alikuwa anafagia, mgongo ameupa meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umelalaje na mgeni wetu?"

Mgeni alikuwa tumboni. "Salama," nikasema.

Akaendelea kufagia. Hakuuliza nimeshika nini mkononi, na hilo ndilo lililonitia shaka. Mtu asiyehusika huuliza.

Alikuwa amekuja kutoka Mbwara juma lililotangulia, kukaa nami mpaka nizae. Mama yangu mzazi ni marehemu, na mume wangu hununua kamba wa baharini huko Nyamisati, kwenye delta, na kurudi mwisho wa juma akinuka barafu na tope la mikoko. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba, mimi na yeye, na kati yetu mimba ambayo hakuna aliyethubutu kuizungumzia kwa sauti. Ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia. Sote wawili tuliiogopea hii ya pili, kila mtu kwa namna yake, na hatukuwa tumeambiana.

Msonobari nao una habari yake. Niliuchukua Ruvu, pembezoni mwa msitu wa kupandwa, ukiwa mche mwembamba kama unyasi ulioota kwenye mtaro wa barabara. Watu hudhani misonobari ni ya Iringa na baridi yake, lakini ile ya Ruvu imezoea joto la pwani. Nilipoolewa nikaja nao Kibiti ndani ya kopo la maziwa, nimeupakata. Nilikuwa nimeona picha za miti ya namna hiyo, mizee na mifupi, imeinama kwenye chombo kidogo kana kwamba imepigwa na upepo wa mlimani tangu enzi na enzi, nikaingiwa na tamaa isiyo na maelezo.

Video za simuni zilisema subiri majira ya baridi ndipo upogoe. Kibiti nisubiri baridi ipi? Nikajifunza kwa kuua. Miche mingine miwili niliyokuja nayo niliipanda kwenye udongo mweusi wa bonde la Rufiji, ule unaostawisha mpunga mpaka ukamfunika mtu, nikidhani nimeipendelea. Ikaoza mizizi. Nikajua kwamba msonobari hautaki kushibishwa. Nikaanza kuponda matofali mabovu, kuchekecha, kuchanganya na changarawe na chenga za mkaa, nikawa namwagilia maji ya mvua niliyoyakinga kwenye diaba, kwa kuwa ya kisima chetu yana chumvi. Chombo nilifinyangiwa na mama mmoja mfinyanzi wa Ikwiriri: mkungu mpana, kina kifupi, wenye matundu chini. Alinicheka wakati anatoboa. "Mkungu unaovuja! Utapikia nini, bibi, kiu?"

Waya nilipewa na fundi wa kusuka mota karibu na stendi, shaba ya mota zilizoungua, laini. Unauzungusha kwenye tawi kama mtu anayefunga bendeji, kisha unalikunja tawi taratibu mpaka likubali. Kazi ni kuutoa kwa wakati. Mwaka fulani mvua za masika zilinikuta nimesahau. Mti ukanenepa, waya ukaingia ndani ya gome. Kovu lake lipo hadi leo kwenye shina, limezunguka kama njia ya konokono. Tangu hapo kila nikinyonyoa machipukizi, yale yanayosimama wima kama mishumaa, napitisha kidole chini ya kila mzunguko nione kama pumzi ipo.

Tawi la chini ndilo lililonichosha kuliko yote. Lilikuwa nene, linapanda juu, na bila hilo kushuka mti ungebaki kama mfagio. Nililishusha kidogo kila mwaka. Ule mwaka wa pili wa kulikunja ndio mwaka mimba ilipotoka. Sikuwa nimeviweka vitu hivyo viwili karibu. Kwa nini ningeviweka?

Siku ile ya vipande vya waya nikafungua kopo langu la vifaa. Plaizi ilikuwemo, lakini mipini ilitazama chini. Mimi huiweka mipini juu.

Nikampigia mume wangu.

"Mama anakata waya? Labda panya."

"Panya mwenye plaizi?"

Akacheka, mtandao ukakatika, nikabaki na shaka yangu peke yangu. Alasiri nikakaa kwenye kigoda, tumbo magotini, nikalisuka tena lile tawi la juu kwa waya mpya. Alfajiri iliyofuata, tik.

Kuanzia hapo nikawa naona kila kitu. Sanduku langu la nguo, lenye kufuli, nililikuta wazi. Hakikupungua kitu, ila kifuniko kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Vifuniko vya sufuria vilikuwa pembeni. Mlango wa nyuma haukufungwa mchana kutwa, kuku wa jirani wakawa wanaingia mpaka chumbani. Jioni moja akaniketisha mkekani akaanza kufumua nywele zangu nilizozisuka siku ile ile.

"Mama, hizi ni mpya."

"Zimekubana. Kichwa cha mwenye mimba kipumue."

Alizifumua zote, hakunisuka tena. Nikajiuliza nywele zilizobaki kwenye chanuo amezipeleka wapi. Nilipokwenda msalani nikachungulia shimo la taka. Hazikuwemo.

Jirani yangu, mke wa muuza ufuta, hakunisaidia. Alikuja kuazima kinu akaona mlango uko wazi na kichwa changu kimesimama timtim.

"Mwenzangu, huyu mkweo kaja na mkoba mdogo hivi? Mgeni wa kukaa mwezi, mkoba wa siku mbili! Vingine kavificha wapi?"

"Acha maneno yako."

"Mimi sina maneno. Nina macho tu."

Hata lile la mkoba likaniingia. Nikaanza kula kwa kusubiri yeye atie tonge kwanza. Naye, nikagundua, alikuwa ananitazama. Kila nilipoketi kwenye meza ya mti na waya mkononi, ushanga wa tasbihi yake ulisimama. Tulikuwa tunaamkiana vizuri, tunaulizana hali, na kila alasiri nilikuwa nafunga nilichojua asubuhi kitakuwa kimekatwa.

Aliyeumia ni mti. Mama mkwe alikuwa anatoka juu kwenda chini, tawi kwa tawi, na kukunja na kuachia hakuvumiliki kwa msonobari. Asubuhi moja nikaona mstari mweupe kwenye kwapa la tawi la chini, na tone la utomvu limesimama hapo, linanukia. Waya wa tawi hilo alikuwa ameshaanza kuukata kwenye ncha. Likikunjwa mara moja zaidi lingevunjika, na likiachiwa lingerudi juu, miaka yote ikawa bure.

Alfajiri iliyofuata nikatangulia. Nikasimama nyuma ya mlango ulio wazi mpaka nikamwona ametoka kwenye mswala, kanga kichwani, plaizi imefichwa ndani ya upindo.

"Mama. Unafanya nini?"

Hakushtuka. Nilitaka ashtuke.

"Nautoa huu waya."

"Unauvunja mti wangu."

"Mimi nauvunja? Wewe umeukaba kama mwizi wa kuku, halafu mvunjaji ni mimi?" Akaitia plaizi kwenye kopo lake pale mezani, mipini chini. "Mwaka jana nilikuja hapa kukupa pole. Nikakuta mti umekazwa, sanduku lina kufuli, nywele zako zimevutwa mpaka macho yamekuwa ya Kichina. Nikasema moyoni, mtoto apite wapi? Kwetu nyumba ya mwenye mimba haiwekwi kitu kilichofungwa. Hata kamba ya mbuzi inalegezwa."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungecheka. Halafu ungeniandika kwenye hadithi zako."

Nikamuuliza za nywele. Akafungua mkoba wake mdogo akanionyesha, zimeviringishwa kwenye karatasi ya gazeti. "Niliogopa kuzitupa, mtu asije akaziokota. Jirani yako ana macho mengi."

Ningeweza kucheka hapo, na shaka ingeisha. Lakini yeye hakuwa amemaliza.

"Na mimi nilikuogopa, mwanangu. Asubuhi natoa, alasiri unarudisha. Natoa, unarudisha. Nikasema, huyu ama hajui kitu, ama anajua sana. Nikawa silali. Nikasema labda huyu hamtaki mtoto wake."

Mtoto akageuka tumboni kana kwamba maneno yale yamempata yeye. Siku zote zile nilikuwa namchunguza mtu aliyekuwa ananichunguza, na alilonidhania mimi lilikuwa baya kuliko lote nililomdhania yeye.

"Namtaka," nikasema.

"Basi utoe huu wa mwisho. Wewe, kwa mkono wako. Mimi sitaugusa tena."

Nikalitazama tawi la chini. Kliniki walikuwa wamenipima, wakasema kila kitu kiko sawa. Nilijua waya hauna njia ya kufika kwenye tumbo la mtu. Nilijua pia kwamba niliyajua hayo yote mwaka uliotangulia. Nikaichukua plaizi, nikakata, mzunguko kwa mzunguko, kutoka ncha kuja kwenye shina, kwa kuwa ukiufungua kwa kuuvuta unaondoka na gome. Tik, kikadondoka. Tik, kikadondoka. Alisimama kando akisoma kitu kwa midomo, na kusema kweli nilijiuliza anasoma nini.

Siku zilizofuata tawi lilipanda, kidogo kidogo, mpaka likawa limenyooshea makuti. Sikulitazama sana. Nilikata machipukizi marefu, nikamwagilia, nikaacha kuku waingie.

Uchungu ulinianza baada ya sala ya adhuhuri, bajaji ikaja mpaka mlangoni. Mama mkwe aliacha madirisha yote wazi, sanduku wazi, diaba bila kifuniko, akaondoa hata kamba ya kuanikia nguo, kisha akapanda nami akiwa ameushika mkono wangu na mkoba wake mdogo. Jirani akapiga kelele nyuma yetu: "Nyumba mnamwachia nani?" Akamjibu bila kugeuka: "Wewe si una macho? Tazama!" Nilicheka katikati ya uchungu, dereva wa bajaji akaogopa.

Mtoto wa kike, mzima, akalia kabla hajamaliza kutoka. Mume wangu alifika na buti za matope, manesi wakamkatalia kuingia wodini. Sikusema kwamba ni kwa sababu ya waya, na sikusema kwamba si kwa sababu ya waya. Mama mkwe alimpokea mtoto, akamtazama vidole, akamwambia, "Umetusumbua, bibi wee," ikawa basi.

Alikaa mpaka arobaini ikaisha. Tulikuwa tunaongea sana wakati huo, ila si kuhusu ile alfajiri. Mara nyingine nilimkuta amesimama mbele ya msonobari, mikono nyuma, anautazama kama mtu anayekagua mkwe mpya.

Asubuhi ya kuondoka kwake nilitoka uani na mtoto begani. Tawi la chini lilikuwa limeinama. Halikuwa na waya. Ukanda wa kanga kuukuu ulizungushwa karibu na ncha yake, ukashuka ukapita chini ya mkungu, ukakazwa kwa fundo moja nene. Halikuwa limeshuka vya kutosha, lakini lilikuwa njiani, na kitambaa hakili gome.

"Mama, wewe ndiye uliyefanya hivi?"

"Panya," akasema. Kumbe mwanawe alimhadithia.

"Ulisema vitu visifungwe."

"Wakati ule. Sasa mgeni ameshafika."

Nikaligusa lile fundo. Lilikuwa nene mno kwa ukanda mwembamba namna ile, na gumu katikati. Shaka ikarudi, imekuja na viatu vyake vile vile.

"Humu ndani kuna nini, mama?"

Akambusu mtoto utosini, akachukua mkoba wake, ambao sasa niliuona mdogo zaidi kuliko siku aliyokuja nao.

"Lifungue uone," akasema, "kama tawi si kitu kwako."

Sijalifungua. Tawi limekwisha kushuka, kanga imepauka kwa jua, na kila ninapomwagilia nalizungukia lile fundo bila kulilowesha. Lakini siku ile nilikuwa bado nimeliwekea kidole wakati yeye anapita ndani ya nyumba kuelekea barabarani kulisubiri gari la Mbwara. Tangu aje hakuwahi kurudishia mlango hata mmoja. Nikausikia wa mbele unavutwa nyuma yake, polepole, mpaka ulimi wa kitasa ukaingia mahali pake. Tik.