Asali Kutoka Usoke

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na tumbo lake lilikuwa sifa ya mama. Ndivyo tulivyopimana pale Tabora: mume akitoka nyumbani kanzu imemjaa mbele, watu husema huyu ana mke. Babu yake alifika na misafara ya zamani kutoka pwani, akaturithisha mapenzi ya pilau na dharau kwa mtu mwembamba. Hata miaka ile ya Ujamaa, watu walipopanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, baba hakukonda. Samli ilitoka Ziba, mchele ulipatikana, na sukari ikikosekana kulikuwa na asali. Tabora hatujawahi kulilia asali.

Siku moja baada ya Idi alishikwa na tumbo akiwa kwenye cherehani. Lilimchoma chini ya kifua likapenya hadi mgongoni, akatapika mpaka hakuwa na cha kutapika. Hospitali walimtoa damu, na daktari akaiacha itulie kwenye kichupa cha kioo. Kisha akatuita, mama na mimi, kando ya kitanda cha baba. Damu ilikuwa imezama chini, na juu yake, mahali panapotakiwa kuwa na maji ya manjano, palikuwa peupe kama maziwa.

"Mama, haya ni mafuta," daktari alisema. "Yakizidi hivi yanaunguza kongosho. Safari hii amepona. Ikirudi, siahidi kitu."

Mama akasema samli imekwisha kuanzia leo. Daktari akatikisa kichwa. Samli ipungue, ndiyo, lakini mafuta haya hayatoki kwenye samli peke yake. Sukari, asali, soda, wali wa kujaza sahani, vyote vikizidi, ini huvigeuza mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Ale kidogo, apungue mwili, atembee kila siku. Baba alisikia kila neno, maana alikuwa macho. Siku hizi nalijua jina la mafuta hayo, trigliseridi, lakini jina halijanifundisha zaidi ya kile kichupa.

Mama hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Ikawa ugali wa dona kidogo, mlenda, maharage, samaki wa kuchemsha, na chai isiyo na sukari. Kila baada ya swala ya alasiri baba alitembea hadi stesheni na kurudi, mama nyuma yake kama askari. Baba alinung'unika njia nzima, lakini alitembea. Tuliporudi hospitali, daktari akatuonyesha kichupa kingine. Juu palikuwa na maji ya manjano, safi kabisa. Mama alikishika akakitazama kwa muda, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi.

Tatizo likawa kanzu. Zilimpwaya. Fundi mzima, mwenye cherehani yake, angezipunguza kwa asubuhi moja. Hakuzipunguza. Alizivaa vilevile, zikimning'inia, mji mzima uone anavyoteswa.

Shangazi yangu, dada yake baba, akapata habari. Alikuwa ameolewa na mkulima wa tumbaku kule Usoke, katika kijiji cha ujamaa, na mumewe alikuwa na mizinga ya nyuki. Alishuka kwenye treni na debe la asali.

"Wifi, umemfanya nini kaka yangu?"

"Daktari amekataza vyakula, wifi."

"Amekataza mafuta. Kaka mwenyewe kaniambia. Asali ina mafuta? Asali ni dawa, hata Kitabu kimesema."

Mama akamweleza habari ya kichupa. Shangazi akacheka. "Maziwa ndani ya damu ya mwanamume. Haya, leo nimesikia."

Baba alikuwa amekaa palepale. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Alilitazama debe, akanyamaza. Kimya kile sijakisamehe mpaka leo, na Mungu anajua nimejaribu.

Haukupita muda mtaa ukajaa maneno. Mama anamnyima mumewe chakula. Wengine wakatia chumvi kwamba anataka afe arithi cherehani. Wazee wa ukoo wakakaa kikao, wakaamua baba aende Usoke kwa dada yake akarudishe mwili. Mama aliwasihi: mchukueni, lakini asali msimpe. Walimtazama kana kwamba amesema wamnyime maji. Baba alifunga mzigo wake mwenyewe, na alikuwa na furaha.

Kanzu zilianza kumjaa tena, tukaletewa salamu za majigambo. Kisha ikaja habari ya tumbo. Alikufa kabla hawajapata gari la kumfikisha hospitali, na mama alifika wameshazika. Shangazi alilia matangani, "Alikuja kwangu ameshaisha! Nimehangaika kumrudisha, nimechelewa!" Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mama alikaa eda na jina hilo, mke aliyemkausha mume.

Miaka ikapita. Shangazi akafiwa na mume, na hakuwa na mtoto. Siku moja akaletwa mjini amejikunja kwa tumbo lilelile. Daktari alikuwa mwingine, lakini weupe kwenye kichupa ulikuwa uleule. Akasema mafuta haya huweza kwenda kiukoo. Mama akamchukua nyumbani.

Mimi nilichukia. Nilimwambia mama amwache na asali yake.

"Njia naijua, mwanangu," alisema. "Nikae nayo tu?"

Akampikia. Dona, mlenda, maharage, samaki wa kuchemsha. Jioni akamtembeza hadi stesheni na kurudi. Shangazi akapungua, maumivu yakakoma, damu yake ikawa safi.

Ndugu wakaja kumjulia hali, baadhi yao walewale wa kikao. Walikaa mkekani wakisubiri chakula. Shangazi alikuwa katikati yao, mwembamba, macho maangavu.

"Nimepona kweli, alhamdulillahi," aliwaambia. "Laiti kaka yangu naye angepikiwa hivi."

Wageni wakaitikia, ni kweli, maskini. Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Alisubiri wamalize, akainama, akaanza kuwanawisha mikono. Alianza na shangazi.