Nitambulishe kwa Maboksi Yangu

Kwa miaka mingi nilikana kwamba naipenda kazi yangu. Mtu akiniuliza, nilijibu kama tunavyojibu wengi huku: "Najishikiza tu." Nilijishikiza hivyo hapa Garland, mji ulio jirani na Dallas, kwenye kiwanda cha maboksi, mpaka nywele zikaota mvi. Leo nasema wazi: naipenda. Napenda harufu ya karatasi ngumu inapotoka kwenye mashine ikiwa bado na joto, napenda kukunja kona na kuzisikia zikikubali. Wasomi wenzangu wanisamehe, au wasinisamehe.

Shahada yangu ni ya uchumi. Dar es Salaam tulifundishwa habari za mchumi mmoja Mskoti wa karne ya kumi na nane, aliyeisifu karakana ya pini: huyu anavuta waya, yule anaunyoosha, mwingine anachonga ncha, na kwa kugawana kazi hivyo wanatoa pini nyingi ajabu. Niliandika insha ndefu ya kumsifu bila kuwahi kukanyaga kiwandani. Nilipofika Texas nikaingia mzimamzima ndani ya mfano wake: mashine inakata, mimi nakunja, mwenzangu wa kulia, mama kutoka Bukavu, anapaka gundi.

Mskoti huyohuyo alionya kwamba anayerudia kitendo kilekile maisha yake yote huishia kuwa mjinga kupindukia. Nilimsimulia mwenzangu.

"Ule muzungu," akasema bila kuinua macho, "yeye alikunjaka karto?"

"Hapana. Alifundisha chuo kikuu. Alikaa kwa mama yake mpaka uzeeni."

"Aaa. Sasa mujinga ni nani, Profesa?"

Kwa hili mimi na Mskoti hatuelewani. Bega la kulia linaniuma, simfichi mtu, lakini akili yangu ilidumaa ofisini nilikofanya kazi Dar es Salaam, kwenye vikao vya kupanga vikao. Kiwandani mikono ina kazi yake na kichwa kina uhuru wake. Makala zangu nyingi, na hii mojawapo, nimezitunga nikikunja.

Lakini kuna jambo jingine alilolisema, ambalo zamani nililiruka kwa sababu halikuwa kwenye mtihani: kwamba watu hawahangaikii utajiri ili washibe tu, bali ili watazamwe. Hilo nilikuja kulielewa kupitia mdogo wangu wa kiume.

Mdogo wangu anaishi Houston, mtaa wa Gulfton. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee: anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Kwenye sherehe zetu husemwa kwamba "yuko sekta ya afya." Basi binti yake akapata mchumba, na ikapangwa sherehe ya kumuaga. Sisi Watanzania hatujui kumuaga mtoto bila utambulisho: msemaji wa familia anashika kipaza sauti, anawasimamisha ndugu mmojammoja mbele ya wakwe, na kila mtu anatajwa na cheo chake. Nimeketi kwenye kumbi zilizojaa wakurugenzi watupu, nikajiuliza wanamwongoza nani.

Sherehe ilipokaribia, mdogo wangu akanipigia.

"Dada, nitawatambulisha mwenyewe. Wewe nitasema ni mchumi, yuko Dallas."

"Mimi nakunja maboksi. Niko Garland."

"Shahada si unayo?"

"Iko kabatini. Maboksi ndiyo yako mkononi."

"Wakwe wenyewe ni madaktari na wahasibu, dada. Unataka wamchukulieje mtoto?"

Hapo alinigusa pabaya, maana binti yule nampenda kama wa kwangu. Ndiyo maana nikawa mkali zaidi. "Kama siwezi kusimama hivi nilivyo, nabaki Garland. Tafuta shangazi mwingine."

Kwetu, shangazi ndiye anayemwingiza binti ukumbini, na mdogo wangu hana dada mwingine. Nililijua hilo vizuri na sikuona haya kulitumia.

Kisha ukaja ujumbe wa binti mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha Houston: *Auntie, please. It's just one word.*

Nilikaribia kulegea. Kitenge cha kijani kilikuwa kimeshashonwa, kimetundikwa mlangoni, na kila nikipita kilinitazama. Neno moja tu, halafu nile ubwabwa kwa amani. Lakini Mskoti, ambaye nilikuwa nimeshagombana naye, safari hii akaja upande wangu: aliandika pia kwamba mtu hatosheki na kusifiwa tu, anataka awe anastahili ile sifa. Makofi ya ukumbini angepigiwa mwanamke mwingine aliyevaa kitenge changu. Nikamjibu binti: *Nakupenda sana. Lakini neno lenyewe si langu.*

Simu ya mdogo wangu ilinikuta kiwandani, mapumziko ya mchana. Alikuwa kazini; nyuma yake niliisikia televisheni ya wazee.

"Dada, nimefanya mazoezi. Sikiliza, usicheke."

"Sicheki."

"'Huyu ni dada yangu mkubwa. Anatengeneza maboksi, Garland.' Wakiuliza maboksi ya nini?"

"Ya pizza, ya viatu, ya dawa."

"'Maboksi ya dawa.'"

"Wewe!"

"Haya, maboksi. Maboksi tu." Akashusha pumzi. "Na mimi je? Nikishakutaja wewe hivyo, nitasimama pale niseme niko sekta ya afya?"

"Sasa hivi unafanya nini?"

"Namsubiri mzee wangu amalize supu nimwogeshe."

"Basi sema hivyo."

Nikasikia kijiko kikigonga bakuli, na sauti nzito ikimwita. *Coming, sir,* akaitikia, kisha akarudi kwangu.

"Uvae kile cha kijani. Na utoke mapema, foleni ya Houston unaijua."