Moto wa Kuomba kwa Nyangeta

Juzi jirani yangu hapa Iringo, mjane kama mimi, alibisha hodi akaomba kiberiti, na kingine nakisikia kinachezacheza mfukoni mwake. Nikampa, nikamsogezea kigoda. Shule sikufika mbali, ila hilo nilifundishwa nikiwa mtoto, Butiama.

Babu alikuwa amefariki, watoto wake wote wamehamia Bunda, nikapelekwa kukaa na bibi. Kutwa nzima hatuoni mtu, mbuzi tu, na mbuzi wa bibi walikuwaga na dharau. Alasiri moja nikamwona bibi anaumwagia maji moto wa kwenye mafiga. Ukalia tsss, jiko likajaa harufu ya majivu mabichi. Halafu ananiambia, "Mke mwenzangu, moto umetuzimikia. Twende tukaombe kaa kwa Nyangeta."

Nikaamini bibi anachanganyikiwa, na watu wakijua watanitenga naye. Njia nzima nilibana machozi.

Nyangeta alikuwa bibi mwingine, anaishi peke yake nyuma ya mawe makubwa. Waliongea, wakasengenya, wakacheka mpaka jua likainama. Bibi alipotoka kuokota kigae cha kubebea kaa, nikashindwa kuvumilia.

"Bibi yangu anaumwa kichwa cha wazimu," nikanong'ona. "Moto kauzima mwenyewe, nimeona."

Nyangeta akanivuta kifuani, ananuka moshi na ugoro.

"Nyamaza, mjukuu wangu, asikusikie. Juzi nilipokuja kwenu kuomba moto, wangu nilikuwa nimeuzima mimi."